Siku ya Tatu Mlete Kliniki

Wadogo zangu wauguzi, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, beseni na mwavuli, kisha mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, kabla ya vishikwambi. Kitenge nimeshakishona. Maandishi ndiyo yamechelewa, na mtaona kwa nini. Nilipoanza nilitaka kujisifu kidogo, kama wastaafu wote. Sasa naandika nikiwa na haya, na kuna kurasa nilizozichana mara mbili. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Hazina utamu kwa mtu ambaye hakuvipata.

Zahanati yangu ya kwanza ilikuwa ndogo, upande wa Daa. Nilifika msimu wa mvua nimevaa viatu vyeupe, na udongo wa Karatu mnaujua ulivyo mwekundu. Mama Ester, nesi mkunga aliyekuwa mkubwa wangu, alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Binti, umekuja kuhudumia wagonjwa au umekuja kuolewa?"

Akanipa ndala zake za akiba. Nilivaa ndala za Mama Ester mpaka viatu vyangu vikakauka, na wakati huo nikajifunza mengi kuliko yale ya chuoni. Alinifundisha mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, ambayo ninyi mnaicheka. Mtoto unamvalisha suruali yake ya kitambaa, unamning'iniza, halafu unasubiri. Mtoto anayerusha miguu ana uzito wa uongo, alisema Mama Ester, na nesi mwenye haraka huandika uongo huo kwa wino wa bluu. Alinifundisha kupasha mikono joto kwapani kabla ya kumshika mtoto mchanga. Alinifundisha pia mahali pa kuweka kiti: upande wa kulia wa mizani, ili usome mshale na kuandika bila kugeuka. Tangu hapo sikukaa upande mwingine, popote nilipofanya kazi.

Alichoshindwa kunifundisha ni somo la asubuhi. Kila siku ya kliniki, kabla ya kupima, ilibidi tuwape kinamama elimu ya afya. Walikuwa wametoka mbali kwa miguu, watoto wanalia, na kichwani mwao kuna kuku, mahindi na mume. Ungewaeleza leo namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, ukawauliza wiki iliyofuata, wakatazamana. Mimi nikawa nakasirika. Mama Ester alikuwa anarudia tu, tena na tena, kama mtu anayepalilia shamba la jirani.

Jumapili moja kanisani wazo likanijia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kinamama walewale. Wengi wao hawakujua kusoma. Lakini padre alipoanzisha kanuni ya imani, Nasadiki, waliisema yote kwa sauti moja kuanzia mwanzo hadi amina, hakuna aliyeruka neno. Nikajiambia, basi kumbe kichwa wanacho, kilichokosekana ni wimbo wake.

Nikatunga Nasadiki ya kliniki. Ilianza hivi: nasadiki kwa maji yaliyochemka, na chumvi, na sukari, vilivyokorogwa kwa mkono safi. Ikaendelea na kunyonyesha, ikaendelea na choo na sabuni, ikaishia siku ya kwanza anywe, siku ya pili anywe, siku ya tatu mlete kliniki. Mama Ester alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Hii wasiseme wamekaa. Wasimame, kama kanisani." Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya muda mfupi kinamama wa upande ule waliijua yote, waliisema wakichota maji, waliwafundisha mabinti zao. Ugonjwa wa kuharisha ulikuwa unatutesa kweli miaka ile, na ninaamini wapo watoto waliopona kwa sababu ya maneno yale. Hilo nalisema sasa, mapema, maana huko mbele sitapata nguvu ya kulisema.

Lakini nilikata kitu. Kitabu chetu cha kazi kilisema mama amrudishe mtoto siku ya tatu kama hajapata nafuu, na amlete saa ileile akiona dalili za hatari: macho yamebonyea, mtoto amelegea, amekataa kunyonya, kuna damu kwenye choo. Mwanzoni nilizitia zote. Kinamama wakawa wanakwama hapo. Huyu anaanza na macho, yule anaanza na damu, sauti zinavunjika, wimbo unakufa. Siku ya tatu hawakukwama, kwa sababu walikuwa nayo mdomoni tangu utoto, ndiyo siku aliyofufuka Bwana. Nikazikata dalili, nikabakiza siku ya tatu. Hizo dalili nitazieleza kwa mdomo, nilijiambia. Siku za watu wachache nilizieleza. Siku za watu wengi sikuzieleza, na kliniki mnaijua, siku nyingi ni za watu wengi.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wageni wa mradi mmoja walikuja na kamera, wakawapiga picha kinamama wamesimama, wakarudi na mabango ya rangi yenye maneno yangu yote. Yakabandikwa kwenye zahanati nyingi. Nilikuwa nikipita kwenye mlango wa zahanati nisiyoijua, naliona bango langu, natembea kama bibi harusi.

Kisha nikahamishiwa Enguserosambu, wilaya ya Ngorongoro, huko ambako kliniki ilikuwa ya mkoba: gari, kisanduku cha chanjo, mizani inaning'inizwa kwenye tawi la mti wowote. Watalii walikuwa wanasimamisha magari kupiga picha mizani yangu, nadhani walifikiri ni ya kupima nyama. Kule wimbo wangu haukushika. Kinamama wa Kimaasai waliokuja kwangu hawakuwa na Nasadiki mdomoni, wengi wao wakati ule hawakuwa wa kanisa. Hawakutaka kusimama. Walikaa chini, wakachomoa shanga zao wakaendelea kushona, wakanisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari kutoka mnadani. Tena walikuwa wanauliza.

Kuna mmoja, Naserian, mama wa makamo mwenye meno mazuri. Nilipomaliza siku ya tatu mlete kliniki, akasema neno kwa Kimaa na wenzake wote wakaangua kicheko. Nikamwuliza mhudumu wa kijiji, aliyekuwa mkalimani wangu, amesema nini.

"Yeyo, huyu mama, anauliza hivi: ndama akiharisha leo, wanampa dawa leo. Sasa mtoto wa mtu anangojewa mpaka keshokutwa kwa nini? Ndama ni mkubwa kuliko mtoto?"

"Mwambie ndama hana kliniki," nilimjibu.

Wakacheka zaidi, hata Naserian mwenyewe. Nikaona nimeshinda. Kwenye gari, tukirudi, nilimwambia dereva kwamba watu wa huku ni wagumu kuelewa, Wairaqw wenzangu wanashika haraka. Dereva alikuwa Mmaasai.

Naandika hili nikijua kwamba kuuliza si ujinga, methali ambayo niliibandika mimi mwenyewe ukutani kwenye chumba cha chanjo.

Miaka ya mwisho nilirudi Karatu, kwenye zahanati moja ya upande wa Endamarariek, jina lake silitaji. Huko nikawa mkubwa, na nikawa mkali. Baadhi yenu mlinikuta hapo. Mnakumbuka nilivyokuwa nawapokea kinamama waliochelewa. "Mbona umechelewa, mama? Ulikuwa unasubiri nini?" Nililisema hilo mbele ya benchi zima, kwa makusudi, ili wengine wajifunze. Na akiondoka nilimalizia kwa kusema sikio la kufa halisikii dawa. Mlikuwa mnacheka. Siwalaumu, mimi ndiye niliyekuwa nachekesha.

Nikastaafu. Nilikuwa bado sijazoea kulala hadi jua litoke pale shule moja ya sekondari ilipoleta mwaliko. Mwalimu wa Kiswahili, kijana mchangamfu, alikuwa amewapa wanafunzi zoezi la shairi la vipande: wakate maneno yaliyochapishwa kwenye karatasi yoyote iliyo nyumbani, wayabandike kwenye kadi ya manila mpaka yawe shairi. Binti mmoja wa kidato cha tatu, Theresia, alichanganya maneno ya Nasadiki na maneno ya bango la kliniki, na walimu waliona limewashinda. Wengine walisema ni kufuru. Wengine walisema ni utabibu. Mwalimu akaulizia, akaambiwa mwenye maneno ya kliniki yupo, hajafa, amestaafu tu. Wakaniomba nije siku ya wazazi niwafafanulie watu.

Nilivaa kitenge chenu.

Ukumbi ulijaa. Meza kuu tulikaa mkuu wa shule, katekista wa kigango na mimi. Theresia, binti mwembamba mwenye sauti ndogo, alisimama akasoma kadi yake:

Nasadiki kwa maji yaliyochemka,
na chumvi, na sukari;
aliyezaliwa na mama, akapewa kadi,
akapimwa, akachanjwa,
akateswa na tumbo,
akalala.
Siku ya kwanza anywe.
Siku ya pili anywe.
Siku ya tatu mlete kliniki.
Ameketi kuume kwa mizani;
toka huko atawauliza wazima na wafu:
mbona umechelewa, mama?

Wakapiga makofi kidogo, yale ya kutojua kama inafaa. Mimi nilikuwa nimevimba kichwa. Nikainuka na kadi mkononi, nikawafafanulia. Nikasema hii si kufuru hata kidogo, huyu binti anamtukuza Mungu kupitia huduma ya afya. Nikasema siku ya tatu ni tumaini: kama Bwana alivyofufuka, ndivyo mtoto anavyoinuka akipata maji na chumvi. Katekista akatikisa kichwa kukubali. Nikasema aketiye kuume kwa mizani ni Kristo mwenyewe, anayewatazama watoto wetu wakikua. Na mstari wa mwisho, nikasema, ni hukumu. Ni onyo kwa kinamama wazembe, wale wanaokaa nyumbani mpaka mtoto anazidiwa, na siku ya mwisho wataulizwa. Nikawatazama kinamama waliokaa kulia kwangu nilipolisema hilo, kama nilivyozoea.

Nikaongeza na kasoro moja ya ufundi. Mistari yote ilikuwa ya maneno yaliyokatwa, lakini wa mwisho umeandikwa kwa kalamu. Nikamwambia Theresia, kwa upole wa bibi, kwamba wakati mwingine atafute maneno yaliyochapishwa ili kazi iwe safi.

"Sikuyapata popote, bibi," alisema. "Hayakuchapishwa."

Hapo mama mmoja akasimama katikati ya wazazi. Alikuwa na sweta la kijani na kitambaa kichwani, mtu wa kawaida kabisa.

"Shikamoo, Mama Nesi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye mama yake Theresia. Umefafanua vizuri. Ila pale mwisho naomba nirekebishe kidogo, usinichukie. Huyo mama si mzembe. Huyo mama ni mimi. Mtoto alikuwa Emanueli, anamfuata Theresia. Nilimpa maji siku ya kwanza, nikampa siku ya pili. Siku ya tatu nikamleta kwako. Ukaniuliza mbona nimechelewa. Sikuwa nimechelewa. Nilikuja siku uliyosema."

Kisha akasema ahsante, akakaa.

Nilijaribu kumkumbuka. Wadogo zangu, sikuweza. Nilitafuta uso ule kwenye mabenchi yote ya kichwani mwangu na sikuupata, kwa sababu niliyemgombeza hakuwa mtu kwangu, alikuwa mfano. Nilichokumbuka ni kiti. Nani amekaa kuume kwa mizani miaka yote hii? Binti, kama nilivyoambiwa baadaye, alikuwa darasa la kwanza siku ile, ameshika mwavuli wa mama yake mlangoni, na aliniona vizuri kuliko nilivyojiona. Nami nimetoka kuwaambia watu kwamba ni Kristo. Nikakaa chini, kadi ya binti bado mkononi. Mkuu wa shule, mtu wa busara, akatangaza chakula.

Pilau sikula. Nilimkuta Mama Theresia nje, karibu na mabomba ya kunawia. Nikamwomba msamaha, akapokea haraka haraka, kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake ili asiuangushe. Kisha akaniambia lililobaki, na hilo ndilo lililonichanisha kurasa.

"Siku ya pili mchana macho yake yaliingia ndani. Mama mkwe wangu akasema twende leo hii, huyu mtoto anakwisha. Mimi nikakataa. Nikamwambia bado, mama, nesi amesema siku ya tatu. Nilikuwa naijua yote, kwa kichwa. Nikamsomea." Akafunga bomba lililokuwa linavuja. "Mpaka leo ananiita msomi wa kliniki. Kwa mume wangu, kwa mawifi, kwenye misiba. Msomi wa kliniki aliyemngojea mwanawe afe."

Nikamwuliza ningeweza kufanya nini.

"Waambie. Palepale, kwenye benchi. Na mama mkwe wangu awepo."

Nilimwomba mganga mfawidhi ruhusa, akanipa siku ya kliniki. Baadhi yenu mlikuwepo, lakini naliandika kwa ajili ya ambao hawakuwepo. Mama Theresia alikuja na mama mkwe wake, mzee mnyoofu mwenye fimbo. Sikukaa kwenye kiti. Nilisimama mbele ya kinamama nikasema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiiraqw ili yule mzee asikose neno: huyu mama hakuchelewa. Alifanya nilichomfundisha, neno kwa neno. Nilichomfundisha kilikuwa nusu, na nusu niliikata mimi ili wimbo upendeze. Nikazitaja dalili zote nilizozikata, moja moja. Nikasema ukiiona hata moja, usihesabu siku, njoo.

Yule mzee alinitazama muda mrefu. Halafu akamwambia mkwewe, kwa Kiiraqw, bila kuniangalia tena, "Kumbe tulikuwa tunamgombeza mtu siye." Akamshika mkono. Mimi hakunipa mkono, na ni haki yake.

Niliwauliza kinamama kama kuna swali. Kimya. Niliuliza tena, nikamkumbuka Naserian na ndama wake, nikatamani hata mmoja anicheke. Kimya kilekile cha kanisani, ambacho niliwajengea mimi.

Basi nesi wa zamu, binti mwema ambaye hana kosa lolote, akapiga makofi akasema, "Haya kinamama, tuanze somo letu." Wakainuka wote kwa pamoja, watoto mgongoni. Nasadiki kwa maji yaliyochemka. Nilipaza sauti, nikawaambia subirini, hapo kwenye siku pamebadilika, ongezeni macho, ongezeni damu. Wengine walinitazama kwa huruma huku midomo yao ikiendelea. Hakuna anayemsimamisha mtu katikati ya Nasadiki. Siku ya kwanza anywe. Siku ya pili anywe. Sauti zilikuwa nzuri, sitasema uongo, zilikuwa nzuri kama siku ile Mama Ester alipofuta machozi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amekaa. Nikaenda kwenye benchi lake, naye akasogea kidogo, akanipa nafasi. Tukasikiliza pamoja siku ya tatu mlete kliniki, kwa sauti moja, bila kuruka neno.

"Wanajua, Mama Nesi," Mama Theresia aliniambia. "Uliwafundisha vizuri."